Kuzunguka mwambao wa Ukerewe kwa gari la kulala ndani

Wakazi wengi wa Mwanza wanaijua Ukerewe ya abiria wa meli: unapandia bandarini, unashuka Nansio, unamaliza lililokupeleka, unarudi. Kisiwa chenyewe hawakioni. Na si kisiwa kidogo. Kina takriban kilomita za mraba 530, ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na mwambao wake umejaa ghuba, majabali, mialo ambako wavuvi hushusha samaki, na fuko za mchanga ambazo basi halifiki. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuuzunguka taratibu na gari lake mwenyewe, alale humo humo, na kila kukicha ajikute upande mwingine wa maji.

Kabla ya yote nitasema ninachokiamini kuhusu safari za namna hii. Gari zuri husaidia, lakini safari inashikwa na mahali utakapolala. Ufuko wa kisiwa una wenyewe, hata ule unaoonekana mtupu. Ukipata mahali ambapo mwenyeji anajua upo na amekukubali, siku nzima inanyooka. Ukilala kwa kujificha, usiku unakuwa mrefu, na asubuhi unaanza kwa kujieleza.

Andaa gari

Magari yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kulala ni adimu huku kwetu, wala huyahitaji. Hiace au Noah iliyotolewa viti vya nyuma inatosha watu wawili. Land Cruiser ni bora kwa njia za mawe, ila ni nyembamba kulalia. Seremala akutengenezee kitanda cha mbao chenye urefu wa kuingiza dumu la lita 20 chini yake, na upande wa mlango wa nyuma uwe wazi ili utoe jiko na maji bila kupanda kitandani. Kama viti umeving'oa moja kwa moja, mweleze wakala wako wa bima kabla ya kuondoka, kwa sababu gari limebadilika matumizi.

Madirisha ndiyo huamua kama utalala. Usiku wa kando ya ziwa una joto na mbu, kwa hiyo huwezi kufunga vioo vyote, na huwezi kuviacha wazi. Nunua chandarua cha mita, kikate kwa umbo la kila dirisha kikiwa kimezidi kidogo, ushone sumaku ndogo kwenye pindo. Kinashika kwenye bati la mlango kwa nje, kioo unakishusha nusu, hewa inapita. Lala na chandarua kingine juu ya kitanda hata hivyo. Malaria ya visiwani haina msamaha.

Beba jeki inayofanya kazi kweli, spea tairi lenye upepo, pampu ya upepo, kamba ya kuvutia gari, koleo, na vipande viwili vya mbao ngumu vya kuweka chini ya tairi. Vipande hivyo hivyo vitakusaidia kwenye kivuko. Ongeza kizima moto, vibao viwili vya pembetatu na kisanduku cha huduma ya kwanza, ambavyo trafiki atavidai hata kabla hujavihitaji.

Jiko la gesi la mtungi mdogo ndilo linalofaa. Pikia nje, au mlango wa nyuma ukiwa wazi kabisa. Mkaa usiingize ndani ya gari kwa namna yoyote, hata kama umebaki majivu yenye kaa mbili tatu na mvua inanyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki.

Chagua msimu

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kwenda kwa mara ya kwanza. Njia zimekauka, nyasi zimepungua, mashimo ya barabarani unayaona. Ubaya wake ni upepo: kusi inavuma, na mchana ziwa linachafuka. Januari na Februari nazo zinafaa. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, unaweza kwenda ukiwa na subira. Masika, Machi hadi Mei, sikushauri kabisa. Ukanda wa Magu hadi Bunda una udongo mweusi wa mbuga, na ukiacha lami hatua kumi tu wakati wa mvua, gari linazama hadi ekseli.

Jambo la kukumbuka kuhusu ramani za simu: maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, yakameza baadhi ya fuko, mialo na njia za kandokando. Ramani inaweza kukuonyesha njia ambayo siku hizi ni matete na maji. Ukiona njia inateremka kuelekea ziwani na haina alama mpya za tairi, shuka uitembee kwa miguu kwanza.

Nenda kwa barabara, usisubiri meli

Meli za Mwanza kwenda Nansio ni nzuri kwa abiria na mizigo. Kwa mwenye gari la kulala, njia ya kuipenda ni ile ya kuzunguka Ghuba ya Speke: Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, kisha unaacha barabara ya Musoma, unakata kushoto kupitia Kibara hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, na hapo uko Ukerewe.

Toka Mwanza asubuhi na mapema kabla foleni ya Buzuruga na Igoma haijakaza. Kisesa, kama una saa moja ya ziada, ingia Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, uone ngoma na nyumba za kitemi. Mpaka Bunda ni karibu kilomita 150, na ni lami. Ukipita Lamadi uwe macho zaidi, kwa sababu pale hifadhi ya Serengeti inasogea karibu na ziwa upande wa geti la Ndabaka, na ng'ombe wa wafugaji wanavuka muda wowote. Kwenye vijiji shusha hadi 50. Tochi za trafiki zipo, ila sababu kubwa ni watoto wa shule.

Bunda jaza mafuta hadi juu. Kisiwani yapo, lakini yamevuka maji kufika, na bei inasema hivyo. Nunua pia mkate, betri za tochi na vifaa vidogo vya gari. Barabara ya kwenda Kisorya usiipigie hesabu ya muda kwa kilomita.

Siku ya kwanza lala upande wa bara, Kibara au Kisorya kwenyewe. Sababu ni mbili. Kivuko hakifanyi kazi usiku kucha, na ukifika umechelewa unajikuta umeegesha gizani kwenye foleni katikati ya malori. Pia asubuhi mara nyingi ziwa limetulia kuliko alasiri.

Vuka kwa utaratibu

Hapa naomba usome polepole.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Ilikuwa siku ya gulio, watu na magunia, na ukienda kule leo utakutana na familia ambazo bado zinahesabu miaka kuanzia siku ile. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza na kuua mamia. Mtu wa ukanda huu anajua mambo haya tangu utotoni. Mgeni anayevuka na gari hana budi kuyajua pia, kwa sababu gari lake ni sehemu ya uzito.

1. Egesha kwenye foleni, nenda kibandani kulipa. Gari lina tiketi yake na kila mtu ana yake. Chukua stakabadhi na utunze, itaulizwa.

2. Zima gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Madumu ya petroli usibebe. Funga vitu vya ndani visiteleze.

3. Abiria wote washuke, dereva peke yake aingize gari. Fuata mkono wa mhudumu wa kivuko, usijitafutie nafasi. Akisema rudi nyuma nusu mita, rudi. Anapanga uzito.

4. Vuta breki ya mkono, weka gia, zima injini, kisha sukuma zile mbao mbele na nyuma ya tairi moja la nyuma.

5. Shuka. Usikae ndani ya gari hata kama safari ni fupi na jua ni kali. Acha kioo cha dereva kimeshuka.

6. Simama karibu na yalipo majaketi ya kuokolea, uone yanavyofungwa. Mvalishe mtoto mapema, usingoje tatizo.

Ukiona kivuko kimejaa kupita kiasi, usipande. Subiri zamu nyingine. Hakuna anayekufukuza, kitanda unacho. Na jioni kabla ya kuvuka, tazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutoa taarifa za Ziwa Victoria pia. Namba za dharura za kuwa nazo kwenye simu ni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji.

Anzia Nansio, kisha ufuate mwambao

Kutoka Rugezi nenda moja kwa moja Nansio, makao makuu ya wilaya. Usiku huo lala mjini, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Waambie ukweli: tuna gari tunalala humo, tunaomba kuegesha ndani ya uzio na kutumia bafu. Wengi wanakubali kwa malipo madogo. Nansio ndiko kwenye hospitali ya wilaya, benki, soko na mafundi, kwa hiyo maliza mambo yako yote hapo. Tembelea soko asubuhi. Machungwa ya Ukerewe yana sifa yake kanda nzima, na ukiyanunua kwa ndoo utakula safari yote.

Kutoka hapo panga siku nne au tano za mwendo mfupi mfupi. Kilomita 20 kwa siku zinatosha, na hili nalisisitiza kwa sababu madereva wa barabara kuu hawaliamini. Njia ni nyembamba, za udongo, zinapita katikati ya nyumba za watu, migomba, mihogo na majabali makubwa ya mawe. Juu ya majabali hayo akina mama wameanika udaga wa muhogo. Ufukweni wameanika dagaa. Ukipita kwa mwendo wa hamsini, vumbi lako linatua kwenye chakula na kwenye fedha ya mtu. Nimemwona mama amesimama na ufagio wake juu ya dagaa aliotoka kuwageuza, ametulia, anaangalia gari linakuja, na uso wake wote unauliza swali moja tu. Dereva akapunguza hadi mwendo wa mtu anayetembea, akapita. Yule mama akainua mkono, akaendelea kugeuza. Mwendo wa namna hiyo ndio unaofaa kisiwa kizima.

Upande wa ndani kidogo, Bukindo, kuna jumba la zamani la watemi wa Ukerewe, la enzi za ukoloni. Omba ruhusa kwa wenyeji wa pale kabla ya kuingia au kupiga picha. Magharibi kuna Rubya, kwenye shamba la miti la serikali. Barabara inapita chini ya kivuli cha miti mirefu, kisha unatokea kwenye ufuko. Kwa maoni yangu ndiko kuzuri kuliko kote kwa gari la kulala. Ni msitu wenye usimamizi, kwa hiyo fika kwenye ofisi ya wahifadhi kwanza, uliza mahali panaporuhusiwa kuegesha, na usiwashe moto wa kuni. Kaskazini utafika Bugolora, kwenye gati la kwenda Ukara.

Mchanga wa ufukweni unadanganya. Juu ni mkavu, chini una maji. Usiingize gari linalosukumwa na tairi za nyuma tu hadi ukingoni. Likikwama, usikanyage mafuta, utajichimbia. Punguza upepo wa tairi kutoka PSI 35 hadi karibu 20, chimba mbele ya tairi kwa koleo, weka mbao, toka taratibu kwa gia ya kwanza, kisha jaza upepo tena kabla ya kurudi barabarani. Vijana watakuja kusukuma bila kuitwa. Wape kitu, na mkubaliane kabla ya kuanza, mbele ya wote.

Omba mahali pa kulaza gari

Saa 10 jioni iwe mwisho wa kuendesha. Ukichelewa hadi giza, unaomba kama mtu mwenye shida. Ukifika na jua, unaomba kama mgeni.

Mtu wa kumtafuta ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Simamisha gari barabarani, nenda kwa miguu nyumba ya karibu, simama nje ya uwanja.

"Hodi wenyewe."

"Karibuni."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mnatoka wapi?"

"Mwanza, mama. Tunatembea na gari, tunalala humo humo. Tunamtafuta mwenyekiti wa kitongoji tumwombe mahali pa kulaza gari usiku mmoja."

"Mwenyekiti kaenda shamba. Kaeni hapo kivulini, nimtume mtoto amwite."

Ukishakaa kivulini, mambo yamekwisha. Utaletewa maji, utaulizwa habari za Mwanza, na mwenyekiti akifika atakuwa ameshasikia habari zenu njiani. Muonyeshe kitambulisho chako bila kungoja aulize. Mweleze mko wangapi, mtaondoka lini, mnaelekea wapi. Kama kuna kitabu cha wageni, jiandikishe. Mara nyingi atakupa uwanja wa shule, zahanati au kanisa, na hayo ni mazuri: pana choo, pana mlinzi, na watu wanapita. Uwanja wa shule uondoke kabla ya saa 1 asubuhi, wanafunzi hawajakusanyika.

Usimpe mtu fedha unapofika. Inageuza ukarimu kuwa biashara kabla hamjajuana. Asubuhi unapoaga, acha sukari, majani ya chai na sabuni kwa familia iliyokupokea, na mpe mlinzi posho yake mkononi. Kama ofisi ya kijiji inatoza ada, lipa, omba stakabadhi.

Wengi hupenda kulala mwaloni, karibu na mitumbwi. Mimi sikushauri. Mwalo ni mahali pa kazi. Usiku usio na mbalamwezi ndipo dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mashine zinawashwa magharibi, na alfajiri wanarudi, wanashusha, wanapiga kelele za bei. Nyavu zinaanikwa pale ulipoegesha. Nenda mwaloni asubuhi kwa miguu, salimia, nunua, tazama. Usiku kaa mbali.

Na mbali ni mbali kweli. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na wana njia zao. Kabla giza halijaingia, zunguka gari lako kwa miguu. Ukiona nyasi zimekatwa fupi kama zimefyekwa, nyayo pana za vidole vinne kwenye tope, au kinyesi kilichorushwa juu ya vichaka, umeegesha kwenye njia ya kiboko. Hama. Usimmulike, usipige honi, na usitoke nje usiku kwenda kujisaidia upande wa matete. Weka ndoo yenye mfuniko ndani ya gari kwa ajili hiyo. Mamba nao wapo kwenye mwambao huu na wameshaua watu. Maji chota bombani au kisimani. Kama hakuna njia nyingine ila ziwani, uliza wenyeji wanachota wapi, uchote pale pale, mchana, ukiwa umesimama pakavu.

Maji, kichocho na afya

Hakuna wa kukukataza kuoga ziwani, na watoto wanaogelea mbele yako. Jua tu kwamba visiwa hivi vina kichocho cha tumbo kwa kiwango kikubwa. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia, penye majani, karibu na ufuko, vikapenya ngozi yako ndani ya dakika chache bila maumivu. Konokono naye ameambukizwa na kinyesi cha binadamu kilichoingia majini. Ndiyo sababu choo ni sehemu ya safari: usijisaidie kando ya ziwa, hata usiku, hata mbali kidogo.

Kwa kuoga, jaza dumu jioni, liache limefungwa hadi jioni ya keshokutwa. Baada ya saa 48 nje ya konokono, vimelea hivyo haviwezi tena kukuambukiza. Au yachemshe. Kwa kunywa, saa 48 hazitoshi, maana kuna kipindupindu na homa ya matumbo. Chemsha hadi yatokote, au tumia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa. Madumu yako yawe mawili, moja lenye alama ya maji ya kunywa, lisiguswe kwa kazi nyingine.

Kama uliingia majini, wiki kadhaa baada ya kurudi nenda kituo cha afya ukapime, usingoje dalili. Dawa yake, praziquantel, ni ya kumeza na inatibu. Homa yoyote ukiwa safarini au baada ya kurudi, pima malaria siku hiyo hiyo.

Kula kisiwani

Samaki utanunua kila siku, kwa hiyo usibebe nyama. Mwaloni, sangara mkubwa mara nyingi ana mwenyewe tayari, anasubiriwa na wakala wa kiwanda. Ulizia sato. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Ukiuziwa mdogo hivyo kwa bei ya chini, kataa, kwa sababu ndiye ambaye angezaa kesho. Sato mpasue mgongoni, chumvi, ndimu, mchome juu ya mawe mawili na waya. Ugali wa muhogo omba kwa wenyeji, wao wanajua kuusonga. Matumbo na magamba usitupe majini wala karibu na gari. Fukia, au mpe mwenye mbwa.

Taa za gari zima wakati wa kula jioni. Zipo siku ambapo wadudu wadogo wa ziwa hupanda angani kama moshi, na mwanga mmoja unatosha kuwaleta wote kwenye sufuria.

Ukara, kwa miguu

Ukifika Bugolora, acha gari. Kivuko cha Ukara kinabeba magari, lakini kisiwa ni kidogo, karibu kilomita za mraba 80, na kimelimwa kila hatua. Omba kuegesha kwa mwenyeji, lala pale, vuka asubuhi kama abiria.

Wakara wanajulikana kwa kilimo chao tangu zamani. Watu ni wengi, ardhi ni ndogo, wakajifunza kufuga ng'ombe zizini nyumbani, kuwaletea majani, kukusanya samadi yote na kuirudisha shambani. Tembea na mtu wa pale akuonyeshe. Akupeleke pia kwenye jiwe linalocheza, huko Nyaburebeka. Ni mahali pa mila, kwa hiyo kuna mzee wa kuombwa kwanza, na unafuata anavyosema. Ukishuka gatini Bwisya, fika kwenye makaburi ya waliokufa na MV Nyerere. Vua kofia, zima simu.

Kurudi

Siku moja kabla, sogea karibu na Rugezi ili uwe wa kwanza kwenye foleni ya asubuhi. Kagua gari bado ukiwa na muda: boliti za tairi, maana barabara za mawe zinazilegeza, maji ya rejeta, upepo wa tairi, na breki. Usioshe gari ziwani. Oili na grisi zinaingia kwenye maji ambayo watu wanachota, na ni kosa. Kuna waosha magari Bunda.

Kitoweo cha nyumbani hakina shida, ila ukinunua dagaa kwa gunia, uliza ofisi ya uvuvi Nansio kuhusu kibali na ushuru kabla ya kufika kivukoni, la sivyo litabaki gatini. Gunia lifunge juu kwenye keria, turubai juu yake, kamba mbili. Ndani usiliweke, kwa sababu godoro likishika harufu ya dagaa haitoki kwa kuanika siku moja. Ukifika Mwanza, mpigie simu yule mwenyekiti wa kitongoji cha mwisho. Alikuona ukiondoka kuelekea majini, na anangoja kusikia kwamba umevuka.